Namba ya Mfano

Mimi sipendi mtu mkimya. Nasema mapema ili tusije tukalaumiana. Mtu mkimya anakufanya uongee peke yako mpaka wapita njia wadhani umeanza kurukwa na akili, na mimi ofisini niliwekwa meza inayotazamana na mkimya kuliko wote. Kazi yangu ilikuwa simu. Zahanati na hospitali zinazotumia mfumo wetu zikikwama zilinipigia mimi, nami nikawaelekeza makarani wabonyeze wapi. Ndiyo maana waliniita Mama Simu. Yeye alikuwa fundi wa programu, mtu wa makamo mwenye sweta moja la kijani, na ofisi nzima ilimwita Lazima. Jina hilo nilimpa mimi, na nitaeleza kwa nini.

Watu wakisikia fundi wa programu wanadhani anakaa kuchora visanduku vya fomu kimoja kimoja. Sivyo. Lazima aliiandikia kompyuta mgonjwa ni kitu gani: ana jina, ana umri, ana anwani, ana mtu wa karibu wa kupigiwa simu. Kisha kuna chombo ndani ya kompyuta kinachosoma maandishi hayo na kutoa skima, yaani ramani ya taarifa zote, chenyewe bila kushikwa mkono, na kutokana na ramani hiyo fomu zinajichora kwenye kila zahanati. Shida ya chombo hicho ni kwamba kina bidii lakini akili hakina. Ukikiambia mgonjwa ana kisanduku cha mimba, kitamuuliza kila mgonjwa. Tulipoanza kuna mzee alikwenda kung'olewa jino, na karani hakuweza kumwandikisha mpaka aseme mimba yake ina miezi mingapi. Mzee wa watu akamjibu, "Andika tisa, mwanangu, nijifungue hili jino niende nyumbani."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi ya Lazima. Juu ya kila neno alibandika alama za kukielekeza kile chombo: hiki waulizwe wanawake tu, hiki ni hiari, umri usishuke chini ya sifuri, asiye na jina la pili aachwe na moja lake. Pia aliweka mfano, yale maandishi ya kijivu yanayoonekana ndani ya kisanduku ili karani ajue ajaze vipi. Siwezi kumnyima haki yake, alikuwa na huruma katika alama zile. Nikimpelekea lalamiko la karani alisikiliza, akageuza kiti, akarekebisha bila maneno. Isipokuwa kisanduku kimoja tu, cha simu ya mtu wa karibu. Hicho hakutaka kiguswe.

"Makarani wanalalamika," nilimwambia. "Kuna wagonjwa hawana mtu. Fomu inakataa kwenda mbele."

"Hicho ni lazima, dada."

"Na asiye na mtu afanyeje?"

"Kila mtu ana mtu."

"Wewe una nani?"

Nilisema kwa utani, mdomo wangu hauna breki. Yeye aligeuza kiti akaendelea na kazi, na kuanzia siku hiyo nikamwita Lazima. Jina likashika kama gundi.

Sababu yake niliijua siku mvua ilipotufungia ofisini, wengine wote wameshaondoka. Alianza kusema bila kuulizwa, macho yako dirishani. Mke wake alianguka sokoni, wasamaria wakamfikisha hospitali. Palipotakiwa namba ya mtu wa karibu pakaachwa wazi, na hakuna aliyejali. Yeye alimtafuta, akaambiwa na muuza mboga kwamba mkewe amelazwa, akapita nyumbani kuchukua nguo safi na kitana, akaenda. Alikuta kitanda kina mgonjwa mwingine. Mkewe alikuwa amekufa asubuhi, na hapakuwa na mtu wa kuambiwa. "Nilisimama pale na mfuko," alisema. "Sikujua niuweke wapi." Watoto hawakujaliwa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini yeye alikuwepo, ila hawakumpigia.

Nilifika kwake mara moja tu, alipougua homa nikampelekea karatasi za kutia sahihi. Chumba na jiko, juu ya duka la vioo, ngazi za nje. Meza ilikuwa na kiti kimoja, na cha pili kilisogezwa ukutani kikawekewa nguo zilizokunjwa. Simu aliiweka ndani ya bakuli tupu la bati, ili mlio wake usikike mpaka jikoni. Nikajisemea moyoni, huyu anasubiri simu ya nani. Katika muda wote niliokaa pale ililia mara moja, akatoka jikoni mbiombio na kijiko mkononi, kumbe ni kampuni ya simu inamtangazia vifurushi. Nilicheka, lakini niliposhuka ngazi niliona vibaya.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Kile kisanduku cha mtu wa karibu nacho kilihitaji mfano wa kijivu. Na kanuni alizokiwekea mwenyewe zilikuwa kali: namba iwe na tarakimu kamili, ianze kama namba za kweli zinavyoanza, isifanane na ya mgonjwa mwenyewe. Sifuri tupu zilikataliwa. Namba ya kubuni nayo huenda ikawa ya mtu, na fundi mwenye adabu hamsumbui mtu asiyemjua. Basi ili ajaribu tu, akaandika yake, akisema ataitoa baadaye. Hakuitoa. Chombo chenyewe hakiulizi kama hiki ni cha majaribio au ni cha kweli. Ulichokiandika kinabebwa, kinapelekwa kila mahali. Namba ya Lazima ikaenda kukaa, kwa rangi ya kijivu, kwenye fomu ya kila mgonjwa katika kila zahanati tuliyoihudumia.

Makarani nao ni binadamu. Mgonjwa kaletwa hana fahamu, au kaja kwa miguu lakini ukimwuliza mtu wake wa karibu anatazama chini. Nyuma kuna foleni inaguna. Karani anajaribu sifuri, fomu inakataa. Anajaribu namba ya mgonjwa mwenyewe, inakataa. Jicho linaangukia ile ya kijivu, anaijaza, fomu inakubali na foleni inasogea.

Simu ya kwanza ilimkuta yuko mezani, mbele yangu. Nilimsikia akisema, "Hapana, umekosea namba." Ya pili vilevile. Ya tatu akauliza kwa sauti ya chini, "Kitanda gani?"

Kuanzia hapo mtu wangu akabadilika. Saa ya chakula alitoweka. Alirudi ananuka sabuni ya hospitali, soli za viatu zikilia kwenye sakafu. Chini ya meza yake nikaona ndala mpya, miswaki, pakiti za biskuti. Nikajua amepata mwanamke. Nilifurahi, tena nikamchokoza: "Lazima, huyo shemeji atatembea na ndala mpaka lini, mnunulie viatu." Akatabasamu. Miaka yote ile sikuwa nimemwona akitabasamu, ana mwanya.

Aliyefumua jambo ni karani wa hospitali ya wilaya. Alinipigia kuuliza mambo yake ya kawaida, kisha akasema, "Mama Simu, kuna kitu kinanichekesha. Huku wodini kuna wagonjwa wanne, koo nne, makabila manne, na wote ndugu yao ni mmoja. Tena anakuja kweli kuwaona. Huyu mtu ukoo wake ni mkubwa kuliko wa chifu." Akanisomea namba. Sikuhitaji kuiandika, naijua kwa kichwa.

Nilikata simu nikamtazama. Alikuwa anavaa sweta, tayari kuondoka.

"Namba yako iko kwenye fomu," nikasema.

Hakujikausha wala kukana. "Najua."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ile ya tatu."

"Itoe sasa hivi. Kisanduku kiwe hiari, mambo yaishe."

"Dada, mimi wakinipigia naenda. Wakiacha wazi, nani ataenda?" Alisema hivyo huku anakusanya biskuti. "Leo kuna mtu ananisubiri. Nitaitoa nikirudi."

Nilimjia juu. Nilimwambia fomu si nyumba yake ya kupokelea wageni, na Mkuu wa ofisi akisikia atamfukuza kazi, na mficha maradhi kifo humuumbua. Haambiliki. Basi nikachukua mkoba wangu nikamfuata, nia yangu nimrudishe ofisini kwa sikio ikibidi. Alitembea haraka, mbele yangu hatua chache, kama mtu anayewahi kwake.

Mgonjwa wake alikuwa mzee, fundi cherehani. Walijua ufundi wake kwa futi ya kupimia iliyokutwa shingoni alipoanguka barabarani. Jina hawakulijua. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala na kauli imekatika. Lazima alivuta kiti, akamlowesha midomo kwa pamba, akamkata kucha za mkono, zote kwa utaratibu aliokuwa nao juu ya kibodi. Akamsimulia habari za ofisini. Akamsimulia hata habari zangu, kwamba nina mdomo lakini moyo wangu hauna kinyongo. Nilisimama miguuni pa kitanda nikisikiliza. Huyu ndiye mkimya wangu, anaongea.

Mkono mzima wa yule mzee ulikuwa unapapasa pindo la shuka, taratibu, unakwenda na kurudi. Kisha ukasimama. Lazima aliendelea kusimulia kidogo kabla hajaona. Nesi akaja, akasikiliza kifua, akatazama saa yake ya kifuani, akatupa pole sisi wawili kama wafiwa.

Tulikuwa tunatoka mlangoni pa wodi tulipokutana na mwanamke. Amechoka, viatu vina vumbi la njia nyingi. Alimwambia nesi, "Namtafuta baba yangu. Ni fundi cherehani. Ana kovu la pasi hapa mkononi."

Nesi alimtazama, akatutazama sisi. "Mbona ndugu yake yupo," akasema, akamwonyesha Lazima.

Yule mama alikuwa amebeba mfuko. Juu ya mfuko lilionekana shati safi lililopigwa pasi na kukunjwa. Nilimwona Lazima anauona ule mfuko. Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele ya macho yangu, ila siku ile.

"Nilifika hapa juzi," alisema yule mama, bado hajaelewa. "Jina lake halikuwepo kwenye orodha. Nikawauliza kama kuna mgonjwa yeyote ambaye hana mtu. Wakatazama kwenye kompyuta, wakaniambia hakuna, wote wana ndugu zao."

Simu ya mzee ilikutwa baadaye kwenye mfuko wa koti lake, imezima. Ilihitaji kuchomekwa kwenye umeme tu. Lakini karani angehangaika kuitafuta kwa nini, na fomu ilishakubali?

Ningeweza kumvuta Lazima kwa mkono tukaondoka. Alikataa hata kutazama upande wangu. Alimwambia yule mama kwamba baba yake amekufa sasa hivi tu. Akamwambia pia lile jingine: kwamba yeye si ndugu, ile namba ni yake, na aliyeandika fomu ile ni yeye. Alisema polepole, hakuruka kitu.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulikaa mahali pangu," akasema. Hakupandisha sauti.

"Ndiyo."

"Aliteseka?"

"Sikuona mateso. Alikuwa anapapasa pindo la shuka."

"Anatafuta mshono," akasema yule mama. "Hata nyumbani, akilala anatafuta mshono." Akaingia wodini na mfuko wake, nesi akavuta pazia.

Lazima alikwenda kwa Mkuu mwenyewe, mlango wazi, tukasikia wote. Alisemwa vibaya, na alistahili. Hakufukuzwa kwa sababu hapakuwa na mwingine anayeijua ile ramani. Halafu akakaa chini, akafanya kazi ambayo sijawahi kuona mtu akiifanya kwa uchungu vile. Ile namba ya kijivu aliitoa, akaweka maneno matupu. Ile alama yake ya zamani ya lazima aliifuta. Badala yake karani achague moja: mtu wa karibu yupo, hayupo, au hajatafutwa bado. Wale ambao hawajatafutiwa mtu aliwapandisha juu kabisa ya orodha, wa kwanza kuonekana mapokezi. Tena akaongeza kitu ambacho Mkuu hakuagiza: ukitajwa kuwa mtu wa karibu wa mgonjwa, unapelekewa ujumbe kwenye simu yako, na mpaka ujibu Ndiyo wewe mwenyewe, fomu haikutambui.

"Mtu aulizwe kwanza," aliniambia. Hayo tu.

Basi simu yake ikanyamaza. Mwanzoni aliiweka mezani kwa mazoea, kioo kikitazama juu. Baadaye akaiacha mfukoni mwa sweta, na sweta likining'inia nyuma ya kiti. Saa ya chakula hakwenda popote. Ndala zilizobaki alizipeleka kwenye wodi ile, akamwachia nesi mlangoni, hakuingia. Alirudi kuwa mkimya wangu wa zamani, ila ukimya ule wa zamani ulikuwa wa mtu aliyezoea, na huu mpya ulikuwa wa mtu aliyeonja kitu akanyang'anywa. Nilimhurumia, na huruma ile ilinikera, maana sikuwa na pa kuipeleka. Na mimi nani ananionea huruma? Nina watoto wawili wako mbali, nikiwapigia wananong'ona, "Mama, niko kwenye kikao." Nina dada yangu tumbo moja, hatujaongea tangu tuzike mama. Mchana kutwa naongea na makarani mpaka koo linakauka, jioni nafungua mlango, nawasha televisheni ili nyumba iwe na sauti. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Ulipofika wakati wa kupimwa afya, wafanyakazi wote tulipangwa foleni kwenye zahanati ya jirani. Lazima alikuwa mbele yangu. Mapokezi kulikuwa na karani, binti mpole, na fomu ni ileile yetu. Akamwuliza jina, umri, anapoishi.

"Mtu wa karibu?"

"Hayupo," akajibu Lazima, kwa sauti ileile aliyotajia umri wake. Karani akabonyeza, fomu ikakubali bila ubishi. Kisanduku alikitengeneza yeye, na kilifanya kazi vizuri kabisa. Akashukuru, akaenda kukaa kwenye benchi ukumbini.

Mimi moyo uliniuma kwa namna ambayo sikuitegemea. Nikasogea.

"Mtu wa karibu?" akauliza karani.

Nikamtajia namba, sikuhitaji kufikiri.

"Uhusiano?"

"Tunatazamana."

Karani akainua macho. "Hiyo haipo kwenye orodha, mama."

"Weka mwingine. Chini yake kuna nafasi ya maelezo, andika tunatazamana. Ipo, aliiweka yeye."

Akaandika. Nikasikia simu ikilia kule ukumbini. Lazima aliitoa mfukoni kama mtu aliyesahau inavyotolewa, akavaa miwani, akausoma ujumbe. Akausoma tena. Kisha akainuka akaja mpaka mezani.

"Dada, umekosea namba."

"Sijakosea."

"Una watoto. Una dada yako."

"Fomu imeuliza nani apigiwe simu. Haikuuliza nimezaa wangapi."

Karani alikuwa anatutazama kwa zamu. "Hapa bado inasema anasubiriwa kujibu," akasema.

Lazima alisimama pale, simu kiganjani. Nyuma yangu mhasibu alianza kuguna kwamba foleni haiendi, nikamwambia atulie.

"Ukiumwa mimi nitafanya nini?" Lazima akaniuliza. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua.

"Utaleta nguo safi," nikasema. "Na utawahi."

Alishusha macho kwenye simu. Vidole vyake, vinavyoandika kutwa nzima bila kutazama, vilitafuta herufi moja moja. Karani akasema, "Imekubali, mama, wa pili asogee." Fomu yake mwenyewe Lazima hakuirudia siku ile, ilibaki kama alivyoijaza, na mimi sikumwambia airudie. Alirudi kukaa kwenye benchi akaniachia nafasi, na simu hakuirudisha mfukoni.